Usiitazame ATP, itazame AMP

Mwaka wangu wa kwanza maabarani hapa Nairobi nilipewa ini la panya nipime ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, pamoja na ADP na AMP, yaani ATP iliyopoteza fosfati moja na iliyopoteza mbili. Nikalitoa, nikaliweka kwenye kisahani juu ya barafu, halafu nikaenda chumba cha pili kutafuta chupa. Majibu yalipotoka, AMP ilikuwa imeipita ATP. Msimamizi akaangalia karatasi, akaniuliza, "Huyu panya alikufa lini?"

Wewe unayeanza atachimenti, najua umekariri mishale yote ya njia za purini, familia ya molekuli yenye ATP na ndugu zake. Iweke kando kwanza. Fikiria watu wawili stejini, nauli ni shilingi mia na kila mmoja ana hamsini. Hakuna anayeweza kusafiri. Mmoja akimpa mwenzake hamsini yake, mwenzake anapanda gari na yeye anabaki mikono mitupu. Ndivyo kinavyofanya kimeng'enya kiitwacho adenaileti kainesi: ADP mbili zinatoa ATP moja na AMP moja. ATP ni mwenye mia, ADP mwenye hamsini, AMP hana kitu.

Hapo hata fomyula ya mwanabiokemia Daniel Atkinson ya mwaka 1968 haihitaji kukaririwa. Chaji ya nishati, yaani kipimo cha jinsi seli ilivyojaa nishati, ni ATP ukijumlisha nusu ya ADP, ukagawanya kwa jumla ya zote tatu. Hiyo nusu ndiyo hamsini. Seli yenye afya hukaa karibu 0.8 hadi 0.95.

Sasa piga hesabu. Seli ina ATP milimola 5 kwa lita, ADP 1, AMP 0.1. Ipungukiwe na nusu milimola ya ATP, huku kainesi ikiirudisha ADP palepale kwenye 1. Chaji inashuka kutoka 0.90 hadi 0.82, na ATP imepungua asilimia 10 tu, jambo ambalo vimeng'enya vingi havingelihisi. Lakini AMP imetoka 0.1 hadi 0.6, yaani mara 6! Ndiyo maana seli husikiliza AMP. AMP huamsha kimeng'enya fosfofruktokainesi ili sukari ivunjwe, na huamsha kingine kiitwacho AMPK, ambacho hufunga kazi zinazokula ATP.

Kujenga purini ni mojawapo ya kazi hizo. Hatua 10 kutoka PRPP, sukari yenye fosfati ambayo purini hujengwa juu yake, hadi IMP, molekuli ambayo AMP na GMP hutokana nayo, na ATP inalipwa njiani mara kadhaa. Kwa hiyo mlango hufungwa mapema: ADP hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza PRPP, na AMP hukizuia kinachofuata. Ukifika kwenye IMP kuna ujanja ninaoupenda sana: kutengeneza AMP kunalipiwa kwa GTP, na kutengeneza GMP kunalipiwa kwa ATP (GTP na GMP ni kama ATP na AMP, ila zina guanini mahali pa adenini), hivyo upande mmoja haukui ukauacha mwingine nyuma.

Wasio na nauli wakijaa stejini nao huondolewa. Kimeng'enya AMP diamainesi hugeuza AMP kuwa IMP, na kwa kuwa AMP imepungua, ADP zinaendelea kutoa ATP. Chaji inapanda, lakini jumla ya ATP, ADP na AMP imeshuka, na kuijenga upya ni gharama. Ini likipewa fruktosi nyingi kwa mpigo, ATP na fosfati hushuka, diamainesi hufunguka, na mwisho wa njia hiyo ni asidi ya yuriki. Mwenye jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, anaujua uchungu wake.

Turudi kwa panya wangu. Barafu haikusaidia, kwa sababu ini lililokatiwa damu linaendelea kutumia ATP bila kuirudisha. Una sekunde, si dakika. Chupa ziwe mezani, zimeandikwa, kabla hujamgusa mnyama. Libane ini kwa koleo za alumini zilizopozwa kwenye naitrojeni ya majimaji, kisha lisage lingali limeganda ndani ya asidi baridi ya pakloriki ili vimeng'enya vife papo hapo. Majibu yakija, mimi hupiga chaji kabla ya kusoma kingine chochote. Ikiwa 0.5 kwa panya aliyekuwa akirukaruka asubuhi, sampuli naitupa.