Maswali ya Wasomaji: CRP iko chini, mbona mama anakohoa?

SWALI: Mama ana baridi yabisi na anachomwa tosilizumabu 162 mg kila wiki. CRP yake (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini), iliyokuwa 48, sasa haifiki 1. Ana siku nne anakohoa na hana nguvu, ila homa hana na CRP haijapanda. Sindano nyingine ni kesho. Tuendelee?

JIBU: Msimchome kwanza. Apelekwe kwa daktari leo, na jina la dawa litajwe mapema, kwa kuwa si kila anayesoma majibu ya maabara atajua anatumia nini.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini, kwa amri ya interleukini-6, kemikali ya kinga ya mwili inayochochea uvimbe. Tosilizumabu huziba kipokezi cha interleukini-6, basi amri hiyo hailifikii ini. Viungo vinapata nafuu kwa njia hiyo, lakini kipimo nacho kinanyamaza: mtu anaweza kuwa na nimonia ya bakteria na CRP isitikisike. Homa pia huwa ndogo au isiwepo, maana interleukini-6 ni mmojawapo wa wachochezi wake. Kwa hiyo kwa mgonjwa kama mama, kikohozi na uchovu vina uzito kuliko karatasi ya maabara.

Apimwe kasi ya kupumua na oksijeni, kifua kisikilizwe na kipigwe eksirei. Hesabu kamili ya damu ni lazima, lakini isomwe kwa tahadhari: dawa yenyewe hushusha nutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, hivyo chembe nyeupe zisizopanda si ushahidi kwamba hakuna maambukizi. Nutrofili zikiwa kati ya 500 na 1,000 kwa mikrolita, dawa husimamishwa kwa muda. Zikishuka chini ya 500 huachwa kabisa. Kifua kikuu nacho kichunguzwe, hata kama alipimwa kabla ya kuanza dawa.

Kuruka dozi moja hakuondoi dawa mwilini. Hubaki kwa wiki kadhaa, na CRP itaendelea kudanganya muda huo. Akishapona, arudie dozi yake ya kawaida. Asichomwe mbili kufidia.

SWALI: Sindano ya tosilizumabu ililala nje ya friji. Nitupe?

JIBU: Kama joto halikuzidi nyuzi 30 na ilikuwa ndani ya boksi lake, inafaa, mradi itumike ndani ya siku 14. Iliyoganda ndiyo ya kutupwa, hata ikishayeyuka.