Kubandika kioo kipya kwenye mota ya galvo: supagluu weka pembeni

Mkuu, umesema kioo cha Y kwenye leza yako ya ukumbini kilivunjika ulipokuwa unakifuta, sasa mwanga unaishia ndani ya boksi. (Galvo ni mota ndogo inayotikisa kioo ili kuelekeza mwanga wa leza. Ziko mbili: ya X hupeleka mwanga kushoto na kulia, ya Y juu na chini.) Kioo kingine umeshapata, swali lako ni kama supagluu itakishika. Itakishika, tena barabara. Kasheshe utaiona kesho yake.

Galvo ya kwanza niliyotengeneza nilitumia hiyo hiyo supagluu. Tone moja, nikafunika boksi vumbi lisiingie, nikaenda kulala najiona fundi. Asubuhi nakuta kioo kizima kina ukungu mweupe kama dirisha la daladala siku ya mvua. Supagluu inapokauka hutoa mvuke unaotua kwenye vitu vya karibu na kugandia hapo, na mimi kwa kufunika boksi nilikuwa nimeufungia ndani. Nikajaribu kuusugua, ndipo nikamaliza kazi kabisa. Kioo hiki si kama cha bafuni. Utando unaoakisi uko juu, upande ule ule unaopigwa na leza, hauna chochote cha kuulinda. Ukisugua unaukwangua.

Mara ya pili nikaona nijanjaruke, nikaweka silikoni. Haina ukungu mbaya, lakini inabaki laini kama mpira. Nilipowasha, mota ikapiga mluzi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Draiva, yaani saketi inayoiendesha mota, inajua shafti iko wapi, haijui kioo kiko wapi. Shafti ikienda kushoto, kioo kinachelewa, kinarudi, kinatikisika, na mtikisiko unarudi kwenye shafti. Draiva inajaribu kuutuliza kwa kusukuma umeme zaidi, na koili inachemka.

Kwa hiyo tafuta epoksi, ile gundi ya tyubu mbili unazochanganya. Chukua ya kukauka taratibu, siyo ya dakika tano. Ya taratibu inakupa muda wa kunyoosha kioo bila haraka, na ikishakauka inakuwa ngumu kama jiwe.

Ila kabla ya gundi, pima kioo chako kipya. Niliwahi kung'oa kioo kwenye fotokopi mbovu, utando uko juu kabisa, nikafurahi. Kumbe unene wake ni milimita kadhaa, wakati cha galvo kwa kawaida ni kama milimita 1 au pungufu. Mota haikukiweza. Upana nao ni hatari kuliko unavyofikiri: kioo kikiwa na upana mara mbili, kwa unene na urefu ule ule, mzigo wa kukizungusha unakuwa mara nane, kwa sababu uzito unaongezeka na pia unakaa mbali na mhimili. Kwa hesabu hiyo hiyo, gundi kidogo iliyo kwenye shafti yenyewe haina neno, ila ikitapakaa hadi kingo za kioo unaibebesha mota mzigo. Halafu usichanganye cha X na cha Y. Cha Y ni kikubwa kwa kuwa kinapokea mwanga ambao X ameshaupeleka huku na huku.

Kutoa gundi ya zamani ndiko watu wanakoua mota. Naigusa ncha ya shafti kwa pasi ya soldering kwa sekunde chache ili gundi ilainike, naacha, nagusa kwa kidole. Kidole kikishindwa kuvumilia, nasubiri ipoe. Ndani mle shafti imebeba sumaku, na sumaku nyingi za neodimiamu zikifika nyuzi 80 hivi zinaanza kupoteza nguvu. Baada ya hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Mabaki nayatoa kwa kijiti cha meno chenye asetoni, shafti ikitazama CHINI, ili asetoni isitiririkie kwenye beringi ikaosha grisi.

Gundi naipaka ndani ya ule mwanya wa shafti unaoshika kioo kwa ncha ya kijiti, siipaki kwenye kioo. Kioo nakishika kwenye kingo tu. Usihangaike sana na kimeelekea pembe gani, hilo utalirekebisha baadaye kwa kulegeza skrubu na kuuzungusha mwili wa mota kwenye kishikio chake. Angalia mambo mawili: kioo kisilale upande kuhusiana na shafti, maana mistari itapinda na hakuna skrubu ya kunyoosha hilo, na kisichomoze kuliko cha zamani, kwa sababu X na Y vikigongana vyote viwili vinavunjika. Mimi napiga picha na kupima urefu kabla sijagusa kitu. Wewe kilishavunjika, basi pima kipande kilichobaki kwenye mwanya.

Kisha kiache saa 24. Najua ukumbi una harusi Jumamosi. Kiache.

Siku ya kuwasha, leza iwe imezimwa, washa draiva peke yake. Zile skrubu ndogo za buluu kwenye draiva ziwekee alama ya kalamu, halafu punguza kwanza ya geini, ile ya nguvu ambayo draiva inaisukumia mota. Ukisikia mluzi, zima hapo hapo. Ikitulia, washa leza kwa nguvu ndogo, ielekeze ukutani pasipo na mtu, chora mraba. Kona zikitoa mikia, ongeza ya dampingi, ile ya kutuliza mtikisiko, kidogo kidogo, robo mzunguko tu kila mara. Ukiwa na ile picha ya majaribio ya ILDA, chama cha kimataifa cha maonyesho ya leza, duara la katikati liguse kingo za mraba wake bila kuzivuka. Likibaki dogo kwa upande mmoja tu, mhimili huo bado mzito, na kwa ulivyoeleza nitaushuku Y. Tuma picha ya ukutani tuone.