Mbuzi ya nazi ibaki nyumbani

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia Alhamisi nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho usiku baada ya Isha, nyumba imetulia. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu mimi na wewe tunaishia kuulizana nani mgonjwa na nani kaposwa, na lile la maana likabaki.

Umeniuliza mawili. La kwanza, ni aibu kwa mke na mume wenye watoto kwenda kukaa siku nne peke yao kwenye nyumba ya mbao kule Lushoto, juu ya milima ya Usambara, watoto wakaachwa? La pili, safari yenyewe muipange vipi, kwa kuwa mimi na baba'ko, Allah amrehemu, tuliwahi kwenda.

La aibu nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, nimelisikia kwenye sauti yako. Sisi huku tumewawekea mke na mume siku saba za fungate. Siku hizo wanapikiwa, wanafuliwa, yupo somo, yule mwanamke anayemfunda bibi harusi, hakuna anayewaingilia. Siku ya nane mlango unafunguliwa na haufungwi tena. Anaingia wifi, anaingia mama mkwe, wanazaliwa watoto, anakuja jamaa kutoka shamba na mgonjwa wake anakaa mwezi. Sisemi kwa kulalamika. Nyumba yenye watu ni nyumba yenye baraka, na mimi leo ningetoa chochote nisikie tena zile kelele. Lakini mimi na baba'ko tulifika mwaka wa kumi na moja wa ndoa hatujawahi kula sahani moja wawili tu tangu fungate. Watu wawili wanaolea pamoja na kulipa madeni pamoja wanahitaji mara moja moja kutazamana. Hakuna aibu hapo. Mama mkwe wako aambiwe na mwanawe, si na wewe, na aambiwe mapema asije akasikia kwa jirani. Watoto nileteeni mimi. Mdogo ameshaacha ziwa, na mkubwa ananijua.

Tena mkiwaleta wenyewe mtakuwa mmeshafika Pemba, na kutoka hapa Tanga ni jirani. Ndege ndogo inavuka kwa muda usiofika nusu saa. Ulizieni mapema siku zake, viti ni vichache. Mkishuka Tanga mnapanda gari la Lushoto: Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Njia ya Dar es Salaam ipo, kwa boti na kisha basi kupitia Chalinze, lakini ni safari ya kutwa nzima barabarani, na mkifika mtakuwa mmechoka hata kusemezana.

Pale Mombo gari linaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi tu mpaka Lushoto, lakini kona juu ya kona, huku ukuta wa jabali na huku korongo na mto. Wewe tangu mtoto ukipanda gari unataka kutapika, basi chukua ndimu na kipande cha tangawizi, ukae mbele, na usile ukashiba Korogwe. Na piga ua, msipande mlima ule usiku. Pangeni mfike kabla ya Alasiri.

Wakati wa kwenda una hesabu yake. Upepo huu huu unaotupitia sisi ndio unaoinyeshea Usambara. Unatoka baharini umebeba unyevu, ukifika bara unakuta milima imesimama mbele yake, hauna budi kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana juu ni kijani kitupu, na chini kule Mombo na Mazinde ni jua na mashamba ya mkonge. Nilipokuwa mdogo, asubuhi ya baada ya mvua, anga likitakata, tulikuwa tunasimama pwani hapa Wete tukiona weusi upande wa bara, na bibi akituambia ile ni milima. Sikudhani kuwa iko siku nitakuwa juu yake.

Basi masika, Machi mpaka Mei, msiende, udongo wa mlimani unaporomoka na barabara huziba. Juni mpaka Agosti ni kusi, na kule juu ni baridi hasa. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai linashuka mpaka karibu na nyuzi 10, na nyumba mnayoitaka nyinyi, kwa ulivyonieleza, iko juu zaidi, upande wa msitu wa Magamba. Mtu aliyekulia kwenye joto la Pemba baridi ile anaisikia kwenye meno. Mimi ningechagua Januari au Septemba. Mtazame tu Ramadhani isije ikawaangukia njiani.

Sasa nyumba. Usiridhike na picha, picha haina unyevu. Mpigie mwenyewe mwenye nyumba umuulize: maji ya moto yanapatikana vipi, kwa umeme au kwa kuni? Kuni zinawekwa ndani au nje? Mablanketi mangapi kwa kitanda? Nani anakaa na ufunguo, na kuna watu karibu ukiita usiku? Kutoka barabarani mnatembea kiasi gani na mizigo? Mwambie akujibu kwa maandishi. Tumeni malipo ya kushikia nafasi tu, yanayobaki mlipe mkishaingia na kuona.

Nayasema haya kwa sababu yalitufika. Mwaka 1996, wewe una miaka mitano, baba'ko alipewa likizo skuli, na mtu mmoja wa bara aliyekuwa anajuana naye akatukodishia nyumba juu ya mji. Tuliahidiwa kuni kavu na mlinzi wa kutupokea. Tulifika na Magharibi, mvua ya rasharasha, hakuna mtu. Ufunguo tuliupata kwa jirani. Mlango umevimba kwa maji, baba'ko akausukuma kwa bega mara mbili ndipo ukafunguka. Godoro lina unyevu, ukilikamua unaona litatoa tone. Kuni zimepangwa vizuri kabisa, chini ya paa linalovuja.

Yule mama jirani, Msambaa, alituonea huruma akatuletea jiko la mkaa limeshawaka. Alipoliweka chini hakuanza na salamu. Alisema: "Likishawapasha moto, litoeni nje kabla hamjalala." Nilidhani anahofia moto kuunguza nyumba. Kumbe ni hewa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu anahisi usingizi mtamu na haamki. Sisi wa visiwani hatulijui hilo, kwetu jiko liko uani na madirisha hayafungwi. Mwanangu, hata baridi iwe vipi, jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani. Hata makaa yaliyofifia. Mwambie na mumeo, akuitikie kwa mdomo wake.

Nikurudishe kwenye mizigo, maana hapa ndipo nilipokosea mimi na sitaki ukosee wewe. Mimi nilikwenda Lushoto na mchele kilo nne, bizari zote, kawa la kufunikia, nazi tano na mbuzi ya kukunia. Mbuzi ya nazi, juu ya mlima! Nilihofia baba'ko atakula nini. Aliibeba yeye, kwenye kile kinjia cha kupandia kwenye nyumba, ikimgonga mguu kila hatua, hakusema neno. Siku ya kwanza nikaamka nikafagia, nikakuna nazi, nikapika, nikafua soksi zetu zilizorowa. Siku ya pili vivyo hivyo. Yeye anakaa barazani kama mgeni, akinyanyuka kushika kitu namwambia wewe pumzika. Mchana wa siku ya pili, niko juu ya mbuzi nakuna, akaja akasimama mbele yangu akaniuliza: "Umekuja na mimi, au umekuja na jiko lako?"

Nilikasirika. Niliona hana shukurani. Tukakaa mpaka usiku hatusemi, ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti, huoni hata mgomba wa jirani. Hapana pa kwenda, hakuna mtoto wa kumtuma, hakuna mgeni wa kuja kutupatanisha bila ya kujua. Nyumbani ningekwenda kwa shoga yangu nikarudi hasira zimeisha na jambo lenyewe halijasemwa. Kule ilibidi lisemwe, tukalisema, na mengine ya nyuma yake. Akanihadithia habari za baba yake aliyepotea baharini na dau lake, jambo nililolijua kwa watu miaka yote ile na sikuwahi kulisikia kwa mdomo wake.

Basi pangeni wote wawili. Akikuachia yeye kila kitu, au ukimpokonya wewe kila kitu, mmoja atakuwa mwenyeji na mwenzake mgeni. Kaeni chini muandike gharama kwenye karatasi moja, kila mmoja aione hesabu nzima, na muweke kando kitu cha dharura. Gawaneni kazi kabla ya kuondoka: chai ya asubuhi yake, cha mchana nunueni mjini. Kule boga, kabichi, karoti na viazi vimejaa sokoni, mkaanga tu mkala. Siku nne bila ya tui hazimuui mtu. Simu ya watoto iwe moja kwa siku, baada ya Magharibi. Mtoto asipolia, usimlize wewe.

Na msizijaze siku. Nimeona ile orodha yako ya mahali kumi na mbili. Chagua mawili. Irente, kwanza. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini, mnakwenda kwa miguu taratibu kupita kwenye mashamba ya watu, mwisho wake ni jabali limekatika ghafla na Mazinde iko chini kabisa, mabati ya nyumba yanameta kama mapande ya kioo, kisha nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Nendeni mapema, ukungu haujapanda. La pili ni msitu wa Magamba, na mchukue mtu wa kuwaongoza. Kuna mbega weusi wenye mikia mieupe, siyo kima punju wetu wa msitu wa Jozani, na vinyonga wenye pembe. Baba'ko, mwalimu hata likizoni, alinionyesha kiua cha rangi ya urujuani akaniambia mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga, Saint Paul-Illaire, aliokota jamaa za ua lile kwenye milima hii ya Usambara akazipeleka kwao, na leo wake wa Ulaya wanayapanda kwenye vyungu madirishani na Wajerumani bado wanayaita kwa jina la Usambara.

Kuhusu sala uliyouliza mwishoni: mkikusudia kukaa chini ya siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafi mnapunguza kama wasafiri. Mkikusudia nne kamili, timizeni tangu siku ya kwanza. Misikiti iko, Wasambaa wengi ni Waislamu na adhana mtaisikia bondeni.

Baridi nguo zake ni mbili mbili: soksi mbili, sweta juu ya sweta. Kofia ya kuvutia masikioni usione haya kuivaa. Makoti mnayapata sokoni Lushoto, ya mtumba, bei nzuri kuliko soko la Darajani huko kwenu Unguja. Lakini mumeo asinunue. Nimempa kijana wa jirani yetu koti la baba'ko, anakuja Unguja na boti ya Jumamosi, nendeni mkalipokee. Alilinunua kule kule, asubuhi ya siku ya tatu.

Asubuhi ya siku ya nne niliamka kabla ya Alfajiri, mahali pake kitandani pameshapoa. Nikamkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti, kikoi chini na koti juu, anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka kwa moshi. Amebandika sufuria. Ananichemshia maji ya kutawadhia. Miaka kumi na moja sikuwahi kumuona akiwasha moto, na alivyokuwa anauwasha nilijua hajawahi. Sikumsaidia. Nilikaa kwenye jiwe nikajifunika kanga nikamtazama mpaka maji yakapata moto.

Cheche moja ilimrukia. Mkono wa kulia, karibu na kifungo, utaona tundu kama punje ya hindi. Fundi akitaka kulitia kiraka, mkatae.

Mama'ko