Mbwa wa usasi: nyayo kwanza, mbio baadaye

Assalamu alaikum. Nguruwe wanatumalizia muhogo. Mbwa wetu masika yote wamefungwa, na kila mwaka siku ya kwanza ya usasi nusu yao wanarudi wanachechemea. Tuwaandae vipi?
Msomaji, Mtende

Waalaikumu ssalaam. Mkiwa na wiki 6 zinatosha. Mkiwa na 2, ahirisheni. Pumzi ya mbwa hurudi upesi, lakini kano na ngozi ya nyayo huchelewa, na huko kwenu maweni nyayo ndizo zinazokatisha kazi.

Wiki 2 za mwanzo mtembezeni kwa kamba dakika 20 hadi 30, siku 5 kwa wiki, njia ya udongo. Wiki ya 3 fikeni dakika 45, katikati mkimchanganyia mbio za polepole za dakika tano tano. Hapo ndipo aanze kupita juu ya mawe: dakika 10 tu, kisha mzidishe kidogo kidogo. Wiki ya 4 hadi ya 6, saa nzima pamoja na mbio fupi za kasi. Pwani nendeni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Ule mkavu unaodidimia huvuta kano za mbwa ambaye hajazoea. Siku 3 za mwisho kabla ya usasi punguzeni kazi kwa nusu.

Kumfungulia azurure mtaani si mazoezi. Atakimbia kidogo, atalala sana, na atarudi na kupe.

Kila mkirudi, tazameni baina ya vidole. Kijipande cha jiwe kilichoachwa humo kesho ni usaha. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na asirudi maweni mpaka kidonda kifunge. Mafuta ya nazi msimpake kila siku: yanalainisha ngozi ileile mnayotaka ikomae. Kucha ndefu zipunguzeni, hukwama kwenye mawe zikachanika. Mbwa asiyetimiza mwaka atembee tu, mifupa yake bado inakua.

Na asiyeitika akiitwa asifunguliwe kamba, hata awe na mbio vipi. Paa nunga wamo humohumo msituni, na hao wanalindwa.

Mbwa wetu alianguka saa 4 asubuhi, anatweta hawezi kusimama. Tulimmwagia maji, wazee wakatukataza. Nani alikosea?
Msomaji, Muyuni

Maji yalikuwa sawa. Saa ndiyo mbaya. Mbwa hatoki jasho ila kidogo nyayoni, hupoa kwa kutweta. Hewa ikijaa unyevu, kama ilivyo kwetu, mate hayakauki na joto linabaki mwilini. Anzeni alfajiri, mmalize kabla ya saa 2 au 3, na kila robo saa anywe kidogo.

Mate yakiwa mazito, fizi zikiiva wekundu na miguu ikipepesuka, usasi umekwisha kwa mbwa huyo. Mpelekeni kivulini penye upepo, mmwagieni maji mfululizo tumboni na kwenye mapaja. Msimfunike kitambaa kibichi, kinazuia joto kutoka, wala msimtie maji mdomoni kwa nguvu. Kama mna kipimajoto, acheni kumwagia kikifika 39.5. Hata akisimama, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani figo na utumbo huweza kuharibika baadaye.

Asubuhi ya usasi tumshibishe ili apate nguvu?
Msomaji, Micheweni

Hapana. Tumbo lililojaa likipigwa mbio huweza kujipinda, na hapo mbwa hufa kwa saa chache. Ashibe jioni ya kuamkia usasi. Baada ya kazi asile mpaka ipite kiasi cha saa nzima, pumzi itulie.

Ugali na dagaa si vibaya. Nguvu ya kukimbia muda mrefu hutoka zaidi kwenye mafuta: kwa mbwa wa kilo 15 anzeni na kijiko cha chai kwa siku, mpandishe taratibu, maana mkizidisha ghafla ataharisha. Mbavu zipapasike kwa urahisi bila zote kuonekana. Nyama mbichi ya nguruwe asipewe, ina minyoo inayoingia mpaka kwenye misuli.

Dawa ya minyoo itangulie mazoezi kwa wiki 2, na chanjo ya kichaa cha mbwa itimie mwezi kabla ya usasi. Fizi zikiwa nyeupe msimkimbize: huenda ni minyoo au homa ya kupe, na mazoezi huweza kumuua.