Ukienda opera Verona, beba kanga

Tiketi ya bei nafuu ya Arena ya Verona, uwanja wa kale usio na paa huko Italia kunakoimbwa opera kila kiangazi, haikupi kiti. Inakupa ngazi ya jiwe isiyo na mgongo, iliyoshinda juani tangu asubuhi. Mimi niliyajua hayo saa tatu usiku wa Julai, nikiwa na gauni jepesi: nilikaa, nikaruka kama niliyekalia kaa la moto. Jua lilishazama, jiwe halijapata habari. Bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa pembeni yangu alicheka hadi machozi, kisha akanisogezea nusu ya mto wake.

Kwa hiyo beba kanga, doti nzima. Upande mmoja ukunje uukalie, wa pili ujifunike, maana onyesho linavuka saa sita na upepo wa usiku hauna huruma. Mito inakodishwa pale pale, lakini mto haujifuniki.

Ukiweza kuchagua, anza na Aida, opera ya mtunzi wa Kiitaliano Verdi. Ndiyo iliyofungua tamasha hili la opera tarehe 10 Agosti 1913, kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Verdi, ndani ya uwanja ambao Warumi waliujenga katika karne ya 1 ili watu wauane humo huku wengine wakishangilia. Kisa kisome nyumbani: binti wa mfalme wa Ethiopia, mtumwa huko Misri, anampenda jemadari anayetumwa kupigana na watu wake. Baada ya hapo Kiitaliano kisikutishe. Sisi tuliolelewa na taarab tumezoea kuguswa na sauti kabla hatujalifumbua fumbo. Kilichonitesa ni mikono: mwimbaji anafika kileleni, bila kipaza sauti, mbele ya maelfu ya watu, nami siwezi kwenda kumtunza! Huko unasubiri amalize, ndipo unapiga makofi na kelele. Mwanamke anaambiwa "brava", si "bravo". Bibi alinisahihisha.

Lala mjini, usitegemee treni ya usiku. Asubuhi, kibaraza cha Juliet, yule mpenzi wa Romeo katika tamthilia ya Shakespeare, kipite tu. Kiliwekwa pale katika karne ya 20 na foleni yake haina mwisho. Nenda Ponte Pietra. Wajerumani walilipua daraja hilo mwaka 1945 wakati wakirudi nyuma, na baada ya vita mawe yakaopolewa mtoni Adige, daraja likajengwa upya kwa mawe yale yale, kazi ikakamilika 1959. Nilisimama juu yake nikaikumbuka Beit al Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, iliyoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Verona na Mji Mkongwe wa Zanzibar ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 2000. Sikupata hamu ya picha tena.

Halafu kuna mvua. Mara ya pili nilipokwenda, ilishuka baada ya sehemu ya kwanza na hatukurudi tena. Onyesho likishaanza, hela hairudi. Masharti yaliandikwa, mimi ndiye sikuyasoma. Kwa hiyo usitazame mawingu, tazama wapiga fidla. Vyombo vyao haviwezi kuvumilia hata tone. Wakianza kuinuka mmoja mmoja huku wamekumbatia fidla zao, usibishane nao: kunja kanga yako, utafute tao la kujibanza.