Bima ya gari ikiisha, je, naweza kuendesha siku mbili tatu?

Ndugu yangu wa Changamwe, uliyeuliza kama waweza kuvuka daraja la Nyali na gari ambalo bima yake iliisha Ijumaa, naomba uliache nyumbani. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakataza gari kuwa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, na tarehe iliyo kwenye cheti ndiyo mwisho. Faini ni jambo dogo: ukimgonga mtu wa bodaboda pale Buxton, matibabu na fidia vitatoka mfukoni mwako, hata kama ulilipia bima miaka mingi bila kudai chochote. Siku hizi cheti hutolewa kwa njia ya kidijitali, basi lipa kwanza, kisha usome siku ya kuanza, kwani bima mpya haifidii ajali iliyoitangulia.