Jibu: Kisa cha kijana mwizi wa simu, nitumie Merton au Sutherland?

Habari ndugu. Umeuliza utumie nadharia ya nani kueleza kisa cha kijana anayeiba simu na wenzake: Merton au Sutherland, wanasosholojia wawili wa Marekani walioeleza kwa nini watu hufanya uhalifu. Umekwama kwa sababu kijana huyo anaingia kwa wote wawili. Nilipokuwa nasoma lilinisumbua hilo hilo, mpaka nilipoacha kukariri majina nikaanza kuuliza: nadharia hii inajibu swali gani?

Merton (1938) anaangalia pengo: kila mtu anahimizwa kufanikiwa, ila njia halali haziwafikii wote. Sutherland anauliza mtu kajifunza kwa nani. Kwa hiyo kwanza rudi kwenye kisa, tafuta kijana alianzaje. Kama rafiki alimfundisha kufungua simu iliyofungwa, akamwambia "mwenyewe atanunua nyingine", huyo ni wa Sutherland moja kwa moja: ufundi na visingizio vyote hufunzwa na watu wa karibu. Kama kinachokaziwa ni kukosa kazi, anza na Merton.

Yupo pia mwanasosholojia mwingine, Hirschi (1969), aliyeligeuza swali: badala ya kuuliza kwa nini mtu anaiba, aliuliza kwa nini wengi wetu hatuibi?

Ila tafadhali usiandike kwamba umaskini ndio chanzo cha uhalifu. Inaniuma kuisoma. Sutherland mwenyewe mwaka 1939 alizungumzia wakubwa wa maofisini wanaovunja sheria, na hao hawakuwa na njaa.